Mtoto wa Jaani Hapigwi Picha

Mimi nilizaliwa mbaya. Sisemi hivyo kutafuta huruma ya mtu. Nasema kwa sababu ndivyo nilivyoambiwa kila siku ya Mungu, mpaka nikafika umri wa kubisha, na kufikia hapo kubisha hakukunisaidia tena. Mama alinisalimia hivyo asubuhi: "Amka, wewe kibaya, ukachote maji." Nyanya alinipokea hivyo jioni: "Woi, haka kasura kametoka wapi?" Tulikaa kwenye laini, zile nyumba za wafanyakazi zilizopangwa mstari mmoja kwenye shamba la mzungu, na wanawake wa laini walipopita na vikapu vyao vya pareto walisimama kunitazama wakitikisa vichwa. "Huyu naye! Hata fisi akimkuta njiani atamruka." Wakishacheka wananipa kiazi cha moto na kwenda zao. Kiazi nilikila, na maneno pia niliyameza.

Shamba lenyewe lilikuwa kule juu, ukipita Molo kama unaelekea Sachangwan, mahali ambapo baridi ya asubuhi inakukata vidole kabla hujachuma ua la kwanza. Pareto ilikuwa imejaa kila mahali, maua meupe mpaka kwenye msitu. Wanawake walichuma, watoto tulichuma, na gari la shamba lilishuka Nakuru kila baada ya siku chache na magunia ya maua yaliyokaushwa. Hiyo ndiyo ilikuwa miaka ya hamsini kwetu. Mambo mengine ya miaka hiyo watu wazima waliyazungumza kwa kunong'ona, na sisi tulifukuzwa nje.

Ubaya wangu ulisaidiwa. Kichwa changu kilinyolewa kila mwezi, upara mtupu, wakati wasichana wa rika langu wanasukwa. Nguo yangu ilikuwa gunia lililotobolewa matundu matatu. Na kila tulipopata mgeni, Mama alipitisha kidole chini ya sufuria, akanipaka masizi kwenye paji la uso, mstari mpana kutoka nywele zinapoanzia mpaka juu ya pua. Nilikuwa nadhani ni adabu, kwamba mtu mwenye sura kama yangu lazima aifunike kidogo asiwatie wageni kichefuchefu. Mtoto huelewa kwa akili aliyo nayo.

Mdogo wangu hakupakwa masizi. Yeye alizaliwa mweupe, mashavu yamejaa, na alisukwa, akapakwa mafuta, akabebwa na kila mtu. "Huyu sasa ndiye msichana," walisema, huku mimi nimesimama pale pale na debe la maji kichwani. Nilimpenda, jamani. Mimi ndiye niliyembeba mgongoni mpaka akajua kutembea. Lakini kuna siku nilimfinya akalia, na sikujua ni kwa nini nimemfinya.

Halafu kulikuwa na hadithi ya jaani. Kwamba mimi sikuzaliwa, niliokotwa kwenye jaa, pale nyuma ya nyumba tunapomwaga jivu na maganda. Jirani yetu, mama mmoja mnene aliyependa ugoro, ndiye aliyedai kuniokota. "Ni mimi niliyekutoa kwenye jivu," aliniambia akipiga chafya. "Ukileta ukaidi, nakurudisha." Nikimtazama Mama, anaitikia kwa kichwa: ndiyo, ni kweli. Watoto wengi huambiwa waliokotwa. Lakini hawa hawakuwa wanatania, walikuwa wanasema kwa uso mkavu, na hata siku za sherehe walisema "mtoto wa jaani" kama jina la ubatizo.

Nilikuwa na kitu kimoja tu cha kujitetea, nacho ni Baba.

Baba alikuwa askari. Alichukuliwa jeshini, akapelekwa Malaya kupigana vita ambavyo hakuna mtu kwetu aliyeweza kueleza ni vya nani. Aliondoka nikiwa na miaka mitano hivi, Mama ana mimba ya mdogo wangu. Sikumbuki sauti yake vizuri, lakini nakumbuka bega lake. Siku moja kabla ya kuondoka alinibeba juu ya bega mpaka kwenye bomba la maji, akanishusha, akanishika kidevu, akasema kwa sauti ya watu wote kusikia: "Huyu ana macho yangu. Hebu tazameni, mtoto mzuri huyu!"

Mama aliangusha ndoo. "Nyamaza!" akamwambia. "Wewe mwanamume, unataka nini kwangu?" Na Baba akatazama chini kama mtoto aliyekamatwa na sukari mdomoni.

Nilifikiri Mama amekasirika kwa sababu Baba amesema uongo. Lakini niliushika uongo ule. Niliuweka mahali pake na kuutoa nikiwa peke yangu, nikichuma maua, nikichota maji. Huyu ana macho yangu. Mtoto wa kuokotwa hawezi kuwa na macho ya mtu, sivyo?

Basi, mdogo wangu alipokuwa na mwaka mmoja na ushei, ikaja barua. Karani wa shamba alituita nje ya ofisi yake, akaifungua, akaisoma kwa sauti kubwa kama anayehubiri. Salamu zilikuwa nyingi, za kila mtu na ng'ombe wake. Kisha Baba akasema kuwa wenzake wote wana picha za jamaa zao na yeye hana. "Nenda Nakuru kwa Muhindi wa picha," karani akasoma. "Nitumie picha yako na watoto wangu wote wawili. Huyu mdogo sijamwona. Na huyu mkubwa, nimeanza kusahau sura yake, na jambo hilo linaniuma."

Wote wawili! Nilimwomba karani arudie. Akarudia, Mungu ambariki, bila kunikemea. Nikajua kwamba kuna mtu mmoja duniani anayetaka kuiona sura yangu, na kwamba sura hiyo inamtoka kichwani siku baada ya siku, na nisipoenda Nakuru itakwisha. Nilikuwa na haraka ambayo sijawahi kuwa nayo tena maishani. Kila asubuhi niliuliza, "Ni leo?" Mama akajibu, "Kibaya, hebu niache."

Wiki mbili tatu Mama alizunguka na jambo hilo. Nilimwona akiteta na Nyanya nyuma ya nyumba. Nilimsikia Nyanya akisema, "Huyo usimpeleke. Unajua mwenyewe." Na Mama: "Lakini baba yake ameomba." Nyanya akatema mate chini akaondoka. Mimi nilielewa kwamba Nyanya anaona aibu kwa ajili ya sura yangu, na kwamba Mama, kwa mara ya kwanza, amenitetea. Nilimpenda Mama siku ile mpaka kifua kikauma.

Alinishonea gauni la kitambaa cha amerikani, jeupe, lenye mfuko mmoja mbele. Nywele zangu aliziacha zikaota kidogo. Na asubuhi ya safari akaninawisha uso kwa sabuni, mara mbili, na hakunipaka masizi. Tulipanda gari la pareto, sisi watatu juu ya magunia, vumbi la maua linatuwasha pua tunapiga chafya kwa zamu. Barabarani Mama akaniambia, "Utakaa upande wangu wa kulia. Usicheke, utafunga macho. Tazama mbele tu, baba yako akuone." Nikarudia maneno hayo mpaka Nakuru. Upande wa kulia. Nisicheke. Nitazame mbele.

Duka la picha lilikuwa kwenye barabara ya Wahindi, chumba kimoja chenye pazia lililochorwa maua na ngazi za kwenda kusikojulikana. Na ukutani, jamani, palikuwa na kioo kikubwa, kirefu kuliko mtu, cha wateja kujitengeneza. Kwetu hatukuwa na kioo. Nilikuwa najitazama kwenye maji ya ndoo na kwenye mfuniko wa mkebe wa mafuta, vipande vipande, leo pua, kesho sikio. Pale nilijiona mzima, kuanzia juu mpaka chini.

Nilisimama nikautafuta ubaya. Nasema kweli, niliutafuta. Niliangalia pua, ilikuwa pua. Niliangalia masikio, yalikuwa mawili. Niliangalia macho, na macho yalikuwa makubwa yametulia, na yalinitazama kama Baba alivyonitazama pale bombani. Nikafikiri, huenda kioo cha Wahindi kina dawa.

Muhindi mwenyewe alikuwa mzee mpole mwenye miwani. Alimkalisha Mama kwenye kiti, akamweka mdogo wangu mapajani, akaniweka mimi kulia kama tulivyopatana. Akarudi nyuma kututazama. Akainamisha kichwa upande huu, akainamisha upande ule. Kisha akapiga makofi.

"Lo! Hii toto kubwa mzuri sana, mama! Macho mzuri! Weka yeye katikati, mbele. Hii ndiyo picha!"

Nilihisi joto limenipanda kutoka miguuni. Nikageuka kumtazama Mama, nione kama amesikia.

Alikuwa amesikia. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Alinivuta kwa mkono, akanitemea mate kwenye paji la uso, ptu, ptu, mbele ya yule mzee. Mate ya wazee kwetu ni baraka, hilo nilijua hata utotoni. Lakini haya yalikuja na maneno.

"Toka hapo, wewe mbaya. Mzee, huyu si wangu. Huyu ni wa kunishikia mtoto tu. Watoto wangu ni huyu mmoja."

"Lakini mama, picha itakuwa mzuri zaidi..."

"Ni huyu mmoja, nimesema!"

Muhindi akanitazama, akamtazama Mama, akainua mabega. Biashara ni biashara. Akaingia chini ya kile kitambaa chake cheusi. Mimi nilisimama kando ya pazia na mate yananikauka usoni, nikafikiria ile barua. Nimeanza kusahau sura yake. Nikaona hakuna mtu ananitazama. Nikapiga hatua moja kurudi, nikasogea kwenye bega la Mama, nikatazama mbele, sikucheka.

Mkono wa Mama ukanikuta kifuani. Hakugeuza kichwa, aliendelea kutazama mbele kama alivyoagizwa, lakini mkono ulinisukuma nikayumba mpaka nje ya pazia. Papo hapo taa ikawaka na kitu kikalia pwaa! "Kwisha," akasema Muhindi.

Tulirudi na gari lile lile. Mama alininunulia peremende, kitu ambacho hakuwahi kufanya, nikairusha barabarani mbele ya macho yake. Nilingoja kipigo. Hakunipiga. Alitazama milima tu mpaka tukafika, na nilipoteremka akanishika mkono. Asubuhi iliyofuata masizi yalirudi kwenye paji langu kama kawaida, na kichwa kikanyolewa.

Nikasema moyoni, sawa. Mama amenikana, lakini Baba yupo. Picha si kitu. Atakuja mwenyewe na macho yake atanijua.

Alikuja baada ya mwaka hivi. Habari ilitangulia: ameshuka meli Mombasa, amepanda treni, yuko Nakuru, kesho gari la shamba litamleta. Laini nzima ilifagiliwa. Mama alinipaka masizi mapema, akanivisha gunia, akaniambia nikae nyuma na watoto wa majirani. Nilikubali, ndiyo Mama. Kisha nikaenda bombani nikajisugua uso kwa mchanga mpaka ngozi ikawaka, nikarudi nikapita katikati ya miguu ya watu mpaka mbele kabisa.

Gari likasimama, Baba akateremka. Alikuwa amekonda, kofia yake imekaa upande, buti zinang'aa. Wanawake wakapiga vigelegele. Hakuuliza mtu, alimtambua mdogo wangu mara moja, akamnyanyua juu juu. "Huyu hapa!" akasema. "Huyu nimelala naye kifuani mwaka mzima!" Akachomoa picha mfukoni kuwaonyesha watu, imechakaa pembe zote.

Kisha akanitazama.

Niliinua kidevu, kama alivyonishika siku ile. Nikayafungua macho yangu yote ili ayaone vizuri. Alinitazama kwa muda. Sijui ni mrefu kiasi gani, mtoto hana saa, lakini ulitosha mimi kuona midomo yake ikianza kufunguka na macho yake, yale yale ya kwenye kioo, yakilainika. Ala, nikasema, ananijua!

Mama akakohoa nyuma yake. Kukohoa tu. Na Baba akawatazama watu waliojaa, akafunga mdomo, akaufungua tena, akacheka kicheko kikubwa cha askari.

"Na hiki kitu kibaya hivi ni cha nani?"

"Cha jaani!" akajibu Mama, haraka, kwa furaha.

Laini nzima ikaangua kicheko. Nilisikia kicheko kile mgongoni nikikimbia, nikapita nyumba zote, nikafika nyuma ya kwetu, nikaenda kukaa kwenye jaa. Nilikaa katikati kabisa ya jivu, na maganda ya viazi, na mifupa ya mbuzi aliyechinjwa kwa ajili ya mgeni. Nikakunja miguu. Kama nilitoka hapa, basi niko nyumbani, na yeyote aliyenitupa mara ya kwanza aje kunichukua. Nilikuwa na miaka minane na sikuwa ninacheza.

Aliyekuja ni yule jirani mnene. Alikuwa anamwaga jivu, karibu anirushie usoni.

"Unafanya nini hapo?"

"Nimerudi kwetu."

Alitazama uso wangu uliosuguliwa. Akaweka karai chini. Na mama yule, na unene wake wote, na nguo yake nzuri ya kumpokea mgeni, akakaa kwenye jivu kando yangu.

"Kwani hawajakuambia?" akauliza.

"Kuniambia nini?"

Alitazama huku na huku kwanza, akashusha sauti. Akaniambia kwamba kabla yangu Mama alizaa wawili, mvulana na msichana. Wote wazuri, kila aliyepita aliwasifu, na wote wawili walikufa kabla ya kutambaa. Mimi nilipozaliwa, wazee wakasema kifo kimezoea nyumba ile, kinajua njia. Kwa hiyo siku ile ile nikalazwa kwenye jaa, na yeye, jirani, akapita kama mtu anayepita na shughuli zake, akasema, "Alaa, nani ametupa takataka hii?" akaniokota. Akanipeleka mlangoni kwa Mama. Mama akanipokea kwa shingo upande, akamlipa kibuyu cha maziwa kama anayenunua kitu cha mtu, mbele ya watu. Tangu hapo nikawa kitu cha kuokotwa, kibaya, kisicho na mwenyewe. Kifo kikija kuulizia mtoto mzuri wa nyumba ile, hakuna. Na mdogo wangu, aliyenifuata, akawa salama kwa sababu mimi nilikuwa nimekifungia kifo njia.

"Ndiyo maana Muhindi alipokusifu, mama yako alichanganyikiwa, alinieleza mwenyewe," akasema. "Alikusifu, na alitaka kuifunga sura yako kwenye karatasi iende ng'ambo. Ungekufa wewe. Na baba yako anajua. Alikuwepo siku ile ya jaa."

"Watu wa laini wanajua?"

"Wote."

"Na mdogo wangu?"

"Yule ni mtoto, atajua nini?"

Mnafikiri nilifurahi? Watu nikiwasimulia hapa hupumua, wanasema, aa, kumbe walikupenda! Mimi pale kwenye jivu nilishikwa na hasira ambayo haijawahi kunitoka yote. Walikidanganya kifo, sawa, hongera zao. Lakini mimi pia walinidanganya, kwa uongo ule ule, kila asubuhi kwa miaka minane, na katika watu wazima wote wa laini ile, wanaojua kupika, kusali na kusoma barua, hakuna hata mmoja aliyewaza kunivuta kando aniambie, mwanangu, huu ni mchezo. Walikuwa pamoja wote, na mimi nilikuwa peke yangu upande wa kifo.

"Kwa hivyo," nikamwambia, "mimi ni mzuri?"

Aliniziba mdomo na kiganja chake chenye ugoro. "Sijasema hivyo! Umesikia? Mimi sijasema hivyo."

"Nani atasema?"

"Ukikua. Ukishakua, hatari imepita, utaambiwa."

"Nitajuaje kama nimekua?"

"Utaambiwa," akarudia, akasimama, akajipangusa jivu, akanishika mkono kunirudisha nyumbani kwa mara ya pili. Mlangoni akanisukuma ndani akasema kwa sauti, "Chukueni takataka yenu!" Baba alikuwa amekaa kwenye kigoda. Alicheka, lakini alinitengea mfupa wenye nyama kuliko yote. Niliula mfupa. Sikumtazama usoni.

Basi nikangoja kuambiwa. Nilipoota matiti nikasema, sasa. Hakuna aliyesema. Nilipoacha kunyolewa na kupakwa masizi nikasema, sasa ndiyo. Mama akanitazama siku ile, nywele zangu zimesukwa, akasema, "Kibaya wewe, umekuwa mrefu." Nilipoolewa nilisimama pembeni kwenye picha ya arusi yangu mwenyewe, mpaka mpiga picha akauliza bibi arusi ni yupi. Mume wangu alinisifu siku za mwanzo, maskini, kwa moyo safi; nilimuuliza anataka nini, na baada ya muda akaacha. Baba alifariki akiniita kibaya changu. Aliniita kwa upendo, najua, hamna haja ya kunieleza.

Ile picha ilibaki kwangu. Mama yuko kwenye kiti, mdogo wangu yuko mapajani, macho ya wote wawili yanatazama mbele vizuri kabisa. Lakini mkono wa kulia wa Mama hauonekani sawa. Kuanzia kwenye kiwiko umekuwa ukungu tu, kwa sababu taa ilipowaka ulikuwa bado unakwenda. Mtu asiyejua hudhani picha iliharibika.

Mama alipozeeka nilimleta kwangu Nakuru. Siku moja mchana, tuko wawili tu, yeye anaota jua mlangoni na mimi nachambua sukuma, niliitoa picha nikamwekea mapajani.

"Mama, huu mkono unaukumbuka?"

Aliupapasa kwa kidole gumba. "Naukumbuka. Ulikuwa unakushika usife."

"Ulikuwa unanisukuma, Mama."

"Nilikusukuma, ndiyo! Na uko hapa, hukufa, unanikemea nyumbani kwako na meno yako yote mdomoni."

Nikaweka kisu chini. Nilikuwa na miaka hamsini na kitu, na moyo ulikuwa unanidunda kama siku ya gari la pareto.

"Mama, mimi nimeshakua. Nina wajukuu. Niliambiwa nikikua nitaambiwa."

Hakuuliza ni nini. Alitazama mlango, akatazama dirisha, akatazama juu kwenye mabati. Midomo yake ikasogea. Nikainama karibu, sikio langu kwenye mdomo wake, nikangoja. Nilisikia pumzi. Kisha akalowesha kidole gumba kwa mate, akanipitishia kwenye paji la uso, polepole, kutoka nywele zinapoanzia mpaka juu ya pua.

"Wewe ni mbaya," akasema, na machozi yanamtoka. "Mbaya kabisa. Unataka nikuue sasa, baada ya kazi yote ile?"

Najua alichosema. Nimekijua tangu nikiwa na miaka minane nimekaa kwenye jivu. Lakini tulimzika mwaka uliofuata bila kulitamka neno lenyewe, na hakuna mwingine aliyebaki wa kunitamkia, na mimi mpaka leo nikipita mbele ya kioo nageuza uso.